Wadogo zangu wa Talladega, kabla hamjamwita mtu msaliti

Kila mbio za magari za NASCAR kule Marekani, kwenye viwanja vya Daytona au Talladega, zikiisha, simu yangu inakesha. Mara fulani kamwacha mwenzake, mara fulani hana shukrani, mara timu imtimue kesho asubuhi. Wanaoongoza kelele ni ninyi mliojiunga na kundi letu la WhatsApp juzi, na mnayoyasema ndiyo yaleyale tuliyoyasema sisi enzi za tandemu, magari yalipokimbia mawili mawili yameshikana. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja usiku wa manane. Nayaweka hapa yote, na atakayerudia nitamtumia hii bila hata salamu.

1. Kwenye drafti, yaani magari yanapofuatana kwa karibu ili kuukwepa upepo, hakuna ndoa. Magari mawili yakishikana yanakimbia kuliko moja likiwa peke yake: la mbele linapasua upepo, la nyuma linaondoa ule mvuto wa hewa unaolirudisha la mbele. Kila mmoja anamhitaji mwenzake mpaka mstari wa mwisho unapokaribia, halafu ghafla mmoja wao hamhitaji tena. Talladega Oktoba 2011, Clint Bowyer na Jeff Burton, wote wa timu ya Richard Childress, walishikana mpaka wakabaki wao wawili mbele. Bowyer alikuwa nyuma. Akasukuma, akasukuma, mwishoni akachomoka pembeni na kumpita Burton kwa sekunde 0.018. Leo mngemtukana wiki nzima. Lakini aliye nyuma ndiye mwenye nafasi ya kuchomoka, na hakuna dereva wa enzi ile ambaye hakulijua hilo.

2. Tazama gari la tatu. Hili nimelilipia kwa aibu, kwa hiyo nivumilieni.

Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, ile ya 2021 mvua iliisimamisha karibu saa sita nzima. Kwa sisi wa Dar, mbio zilizoanza Jumapili usiku zilikwenda kuisha Jumatatu saa mbili asubuhi na ushee. Nilikesha. Nikaoga harakaharaka, nikapanda daladala simu mkononi, spika moja sikioni. Wakati ule mimi ndiye niliyetunza pointi za utabiri wa kundi, na neno langu lilikuwa sheria. Mbele alikuwa Joey Logano, nyuma yake Brad Keselowski, wote wa timu ya Penske. Wa tatu Michael McDowell, mtu ambaye hakuwahi kushinda mbio hata moja ya Cup, daraja la juu la NASCAR. Wote watatu Ford. Nikapiga hesabu zangu za kizee: Keselowski hawezi kumgusa mwenzake, atamsukuma hadi mstarini, Penske wa kwanza na wa pili. Mzunguko wa mwisho unaanza tu, bando likakata. Likabaki lile la WhatsApp.

Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nikaandika kwa herufi kubwa: LOGANO KACHUKUA, KESELOWSKI WA PILI. Nikaongeza aya nzima kuhusu nidhamu ya timu, kwamba vijana wajifunze kusukumana bila tamaa. Nikagawa pointi. Nikatia simu mfukoni, nikasinzia mpaka Posta.

Kumbe huko McDowell kamsukuma Keselowski, Keselowski kapata mwendo ambao hakuna dereva anayeutupa, kaenda kupita, Logano kaziba, wakagongana wakiingia kona ya tatu. Penske zote mbili chali, moto unawaka, McDowell kapenya katikati yao. Ushindi wake wa kwanza, katika mbio yake ya 358. Nilipofika kazini kundi lilishanibatiza Nabii. Dada mmoja wa Tanga, ambaye tulimcheka sote alipomtabiri McDowell, alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Pointi zangu, kaka."

Hapo ningeomba radhi yangeisha. Mimi nikazidi kuchimba: nikasema Keselowski kamsaliti mwenzake, sasa usaliti ningeutabirije? Na hata marudio sikuwa nimeyaona! Niliyatazama jioni, kwa kamera ya juu, mpaka mama watoto akauliza kama kuna mtu kafa. Hapakuwa na usaliti. Logano alikuwa na Daytona 500 ya 2015 tayari na anawania nyingine. Keselowski hakuwa nayo hata moja. Na msukumo wote ulitoka kwa mtu ambaye mimi sikumtia hata kwenye hesabu. Wa kwanza hana habari sana na wa pili. Anahangaika na kasi anayoletewa wa pili na wa tatu. Nilimpa yule dada pointi zake, nikaandika pole ndefu. Alijibu kwa kidole gumba.

3. Kuondoka ni kitu kimoja, kuahidi ni kingine. Siku ileile ya Bowyer na Burton, Trevor Bayne, yule kijana aliyeishangaza dunia kwa kuchukua Daytona 500 mwezi Februari akiwa na miaka 20, alimwambia Jeff Gordon kwamba watafanya kazi pamoja mwishoni. Bendera ya kijani ya kuanza upya ikaangushwa, kidogo tu akamwacha, akaenda kumsukuma Matt Kenseth wa Ford mwenzake. Gordon wa Chevrolet akabaki peke yake, na enzi za tandemu ukibaki peke yako umekwisha: alimaliza wa 27. Upande wa Ford walikana kuwa kulikuwa na amri, Bayne mwenyewe akaandika hadharani kwamba hakufurahishwa na yaliyotokea. Mimi hili bado linaniuma, na si kwa sababu ya chapa. Angenyamaza, Gordon angetafuta mtu mwingine kabla ya kuanza upya. Kwa hiyo mkitaka kulaumu, laumuni hapa: alisema nini redioni kabla? Kama hakusema kitu, tulieni.

4. Msukumo uwe katikati ya bampa na gari likiwa limenyooka. Ukigusa kona ya bampa, unamgeuza. Hili halina utani. Daytona 500 ya 2020, Ryan Blaney alikuwa anamsukuma Ryan Newman ili ushindi ubaki Ford, na msukumo huohuo ndio uliomgeuza Newman ukutani, gari likapinduka na kugongwa likiwa juu chini. Denny Hamlin akashinda kwa sekunde 0.014 na kwa muda hatukujua kama Newman yuko hai. Baada ya siku mbili alitoka hospitali akitembea kwa miguu yake, kawashika mabinti zake mikono. Kuna mtu kwenye kundi alikuwa tayari ameshamwita Blaney muuaji. Alifuta. Tulikwishaona.

5. Kusukuma si unyonge. Talladega Aprili 2011, Jimmie Johnson alimshinda Bowyer kwa sekunde 0.002, na nyuma ya bampa yake alikuwa Dale Earnhardt Jr., aliyemaliza wa nne. Junior alikuwa hajashinda tangu 2008, mashabiki wake walitaka kupasuka: kwa nini umsukume mwenye mataji matano? Tuligombana hapa mpaka watu wakatoka kwenye kundi. Mimi nasema alikuwa sahihi. Kuna gari linalosukuma vizuri na gari linalosukumwa vizuri, na wa nne kwa akili ni bora kuliko wa 20 kwa kiburi. Wapo watakaobisha, nawajua kwa majina.

6. Acheni kuzungumzia tandemu kana kwamba ipo. Ilizimwa 2012: madereva wakakatazwa kuongea wao kwa wao redioni, na upoozaji wa injini ukabanwa ili anayesukuma achemshe mapema. Siku hizi ushirika unapangwa kwa chapa ya gari, na sehemu kubwa ni kwenye piti, pale wanapojaza mafuta na kubadili tairi: Toyota wanaingia pamoja, wanatoka pamoja, aliyechelewa kidogo kaachwa na treni, yaani msururu wa magari. Na mafuta! Talladega Oktoba 2018, magari manne ya timu ya Stewart-Haas yalijipanga kama wanafunzi wa bweni wanaokwenda kanisani na kutawala mbio nzima, halafu Kurt Busch akaishiwa mafuta mzunguko wa mwisho na Aric Almirola akachukua. Hapo mtamlaumu nani, tangi?

7. Gari likija ubavuni karibu na gurudumu la nyuma bila kugusa, lile si chokochoko. Anamwagia mwenzake hewa kwenye spoila, lile bawa la nyuma, ili apungue kasi. Mmeuliza mara nyingi mno.

8. Utabiri unafungwa kabla ya bendera ya kijani, na pointi anatunza dada wa Tanga, usinitumie mimi. Kwa Talladega andika majina mawili: dereva wako, na unayedhani atakuwa nyuma ya bampa yake mzunguko wa mwisho. Jina la pili lina pointi zaidi. Bando nunueni mapema.