Walawi, lumbesa na maswali mengine

Niliamua kusoma Biblia yote kuanzia Mwanzo, lakini Mambo ya Walawi imenishinda. Nikiruka nitakosea? – Mkulima, Uyole

Sura za sadaka na mafuta ya figo zikikuchosha, zipitie haraka. Ila ukifika sura ya 19, keti. Mstari wa 9 na wa 10 unamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Unawajua wale akina mama wanaopita na vijembe baada ya viazi kuvunwa, usiwafukuze tena. Kisha teremka hadi mstari wa 35 na 36, penye mizani ya haki na kipimo cha haki. Ukiisoma ukiwa Uyole, inayokemewa hapo ni lumbesa tupu. Gunia linajazwa, linaongezewa juu, linashonewa kamba, linapita kilo 100 zinazoruhusiwa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mahubiri ya kukemea pombe nimeyasikia mengi huku kwetu. Ya kukemea lumbesa ni ya kutafuta kwa tochi, labda kwa kuwa mnunuzi naye ana bahasha nene ya sadaka.

Shikamoo. Mama yangu ni mtu mzima na hajui kusoma. Kwenye jumuiya anaona aibu, hata kuchangia hachangii. Nimnunulie Biblia ya sauti? – Binti, Njombe

Marahaba, mwanangu. Mnunulie ukiweza, lakini kisiwe kisingizio cha wewe kukaa chumbani na simu yako. Wakristo wa kwanza wengi waliipokea Injili kwa masikio. Paulo anawaagiza Wathesalonike waraka wake usomwe kwa ndugu wote, na Ufunuo 1:3 inamwita heri asomaye pamoja na wanaosikia. Asomaye ni mmoja, wasikiao ni wengi, na heri ni yao wote.

Msomee jioni mkiota moto, naye akukatize atakavyo. Towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa msomi, mkuu wa hazina ya malkia, ana kitabu cha Isaya mkononi. Bado alimwambia Filipo, mhubiri aliyemkuta njiani, hawezi kuelewa asipoongozwa na mtu. Huenda katika nyumba yenu Filipo ni mama. Aliyelea, akazika na kulima mlimani ana maswali ambayo sisi wenye miwani hatuyafikirii.

Mzee wa kanisa amenikuta na riwaya akasema Mkristo hasomi mambo ya uongo. – Mwalimu, Tukuyu

Mheshimu mzee, halafu muombe akusomee 2 Samweli 12. Nabii Natani alikwenda kwa Daudi na kisa cha kutunga, cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Mfalme aliwaka hasira kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Angeanza kwa kumshutumu waziwazi, sidhani kama Daudi angemsikiliza hadi mwisho. Na Paulo alipohubiri Athene alinukuu mashairi ya Wagiriki, kwa hiyo alikuwa ameyajua. Zipo riwaya za ovyo, nazo utazigundua kurasa chache tu, ziweke chini.

Ni sawa kusoma Biblia kwenye simu ibadani? – Kijana, Mafinga

Sawa. Zima data kwanza.

Huku Makete mwezi wa saba hakukaliki sebuleni. Nasoma Neno nikiwa kitandani ndani ya blanketi mbili. Mume wangu anasema namkosea Mungu heshima. – Mama, Makete

Msalimie baba, kisha mwoneshe 2 Timotheo 4:13. Paulo yuko kifungoni, anamwagiza Timotheo amletee joho lake na vitabu, kwa pamoja, na mstari wa 21 anamhimiza afike kabla ya wakati wa baridi. Mtume mwenyewe hakutaka kusoma akitetemeka. Jifunike, mama. Ukisinzia katikati ya kitabu cha Hesabu, wenzako tupo wengi. Mshumaa tu ndio uzime mapema.