Mapango na makao ya wakaapweke Italia: mmeuliza, haya majibu

Meseji zenu kuhusu mapango ya Italia zimekuwa nyingi mpaka nimeona nizijibu kwa mkupuo, nimechukua zile zinazojirudia na nimezifupisha, msinune mkikuta swali lenu limekatwa mkia. Kabla ya yote tuelewane jambo moja, kuna mapango ambayo maji yameyachonga yenyewe chini ya ardhi na unaingia kwa tiketi na mwongozaji mbele, halafu kuna yale ambayo mtu aliamua kuhamia akaishi humo peke yake na Mungu wake, yaani wakaapweke, na watu waliokuja baadaye wakajenga kanisa juu ya pango lake. Wengi mnauliza hayo ya pili, na hata mimi ndiyo ninayoyapenda zaidi.

Tunakuja Roma na kikundi cha hija cha parokia, ratiba imebana, tuna siku moja tu ya kutoka nje ya mji. Twende wapi?

Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko, kila kikundi kinaenda na sikatazi, ila kwa siku moja mimi ningewapeleka Subiaco, kama kilomita 70 mashariki mwa Roma. Hapo ndipo Mtakatifu Benedikto, baba wa wamonaki Wabenedikto, akiwa kijana aliyeacha masomo Roma, alipojificha pangoni miaka mitatu, kwenye mwaka 500 hivi. Mmonaki wa jirani aliyeitwa Romano alikuwa anamshushia mkate kwa kamba kutoka juu ya jabali, na kamba ilifungwa kengele ili Benedikto asikie kwamba chakula kimefika, sasa wanasimulia kwamba shetani ilimuuma sana akairushia jiwe ile kengele ikavunjika. Leo juu ya pango hilo kuna monasteri inaitwa Sacro Speco, ndani makanisa mawili yamepandana, unashuka ngazi huku kuta zote zimechorwa hadi dari, halafu ghafla rangi inaishia na unakuta mwamba mtupu umejitokeza hapo hapo, hakuna aliyejaribu kuuficha. Mwambieni mwongozaji awaonyeshe picha ya Fransisko. Hana duara la utakatifu kichwani wala madonda mikononi, ndiyo maana wengi wanaamini ilichorwa akiwa bado hai, kabla ya 1224, mwaka anaosimuliwa kupata madonda kama ya Yesu.

Usafiri: metro mstari B hadi Ponte Mammolo, pale mnachukua basi la Cotral. Tiketi mnunue kabla ya kupanda, zinauzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya sigara yenye ile herufi T kubwa. Jumapili mabasi ni machache sana, msije mkalala njiani. Kutoka mjini Subiaco kupanda hadi juu ni kwa miguu na ni mlima kweli, njiani mnapita monasteri ya Santa Scolastica ambako mwaka 1465 Wajerumani wawili walikuwa wanachapa vitabu kwa mashine, vya mwanzo kabisa Italia. Mchana wanafunga, kwa hiyo wahini asubuhi. Na kama kuna waliotokea upande wa Songea au Masasi watajisikia nyumbani kidogo, manake monasteri za Peramiho na Ndanda kule kusini mwa Tanzania ni matawi ya mti wa Benedikto huyu huyu.

Mimi ni Muislamu, nasoma Perugia. Wenzangu wa darasani wanaenda Eremo delle Carceri, je na mimi naruhusiwa kuingia? Hijabu haitaleta shida?

Unaruhusiwa dada yangu, hakuna anayekuuliza dini mlangoni, na kuingia ni bure, kuna kisanduku cha sadaka anayetaka anatia. Wanachodai ni mabega na magoti yafunikwe, kwa hiyo hapo wewe umeshawapita hao wenzako wa kaptula. Pako kama kilomita 4 juu ya Assisi kwenye mlima Subasio, ndani ya msitu wa mialoni, na ndiko Fransisko na wenzake walikuwa wanajitenga kusali. Jiandae na milango, ni mifupi na myembamba kiasi kwamba mtu mwenye mwili inabidi apite upande upande, na begi la mgongoni ulivue kabisa. Chini unakuta pango alimokuwa analala, kitanda chenyewe ni jiwe. Nje kuna mwaloni wa zamani sana umeegemezwa kwa vyuma usianguke, watu wanasema aliwahubiria ndege hapo. Watawa bado wanaishi pale, kwa hiyo vile vibao vya kuwataka watu wanyamaze siyo mapambo, simu weka kimya.

Halafu kama utapenda kujua, huyu Fransisko mwaka 1219, katikati ya vita vya msalaba, alivuka mpaka Misri karibu na Damietta akaenda kuonana na Sultani al-Kamil. Sultani alimpokea, wakaongea, akamrudisha salama. Wenzako wengi hawaijui hiyo, wasimulie wewe.

Eti kuna mkaapweke alitolewa pangoni akafanywa Papa, halafu akajiuzulu? Ni kweli au stori za vijiweni?

Ni kweli tupu, na ukitaka kuona alikoishi panda mkoa wa Abruzzo, kwenye milima ya Maiella na Morrone. Anaitwa Pietro da Morrone. Papa alikuwa amefariki Aprili 1292 na makardinali wakakaa zaidi ya miaka miwili hawaelewani nani awe, mwishowe Julai 1294 wakamtaja huyu mzee, watu wakamfuata huko milimani kumwambia. Akavikwa taji L'Aquila tarehe 29 Agosti 1294 kama Papa Selestini V, na aliingia mjini amepanda punda. Sasa hapo ndipo tabu ilipoanzia, manake mfalme Karolo II wa Napoli akamchukua akamweka mjini kwake, na mzee aliyezoea jabali akajikuta kwenye ikulu, akaagiza ajengewe kijumba kidogo cha mbao humo humo ndani ili apate pa kujificha. Tarehe 13 Desemba mwaka ule ule akaachia ngazi. Aliyemfuata, Bonifasi VIII, akaogopa kwamba wapinzani wangemtumia, akamshika na kumfungia kwenye ngome ya Fumone, akafia humo tarehe 19 Mei 1296. Mimi huwa namuonea huruma sana, alichotaka ni kurudi pangoni kwake tu.

Kaburi lake liko L'Aquila, kanisa la Collemaggio. Papa Benedikto XVI alifika hapo 2009 baada ya tetemeko, akaweka juu ya kaburi palio yake, ile ya sufu ya mabegani, watu hawakutilia maanani, mpaka 2013 na yeye alipojiuzulu ndiyo watu wakaanza kukumbushana.

Sehemu ya kwenda kuona kwa macho yako alikoishi huyu Pietro ni San Bartolomeo in Legio, karibu na kijiji cha Roccamorice. Unaacha gari juu, unashuka kwa miguu kwenye uwanda wa mawe, na huoni kitu chochote mpaka ufike ukingoni kabisa, hapo jabali limekatwa ngazi, unashuka, na unajikuta chini ya paa refu la mwamba lililojitokeza juu ya bonde. Hakuna ukuta wa mbele, upande mmoja mwamba upande mwingine shimo, na mwisho wa hiyo baraza ndiyo kuna kanisa dogo. Tarehe 25 Agosti, siku ambayo pale wanamwadhimisha Mtakatifu Bartolomeo, wanakijiji wanakuja na mapema, wanachota maji ya chemchemi ya pale, halafu wanaibeba sanamu yake kwa maandamano kwenda kijijini. Ukiweza pangilia safari iangukie siku hiyo.

Nina watoto wawili, mambo ya kanisa watachoka. Kuna pango la maajabu tu?

Frasassi, mkoa wa Marche. Liligunduliwa na wapenda mapango wa Ancona mwaka 1971, walikuta tundu dogo linapuliza hewa, wakarusha mawe gizani wasikie yanatua baada ya muda gani, wakajua huku chini ni kubwa. Na ni kubwa kweli, ukumbi wa kwanza wenyeji wanapenda kusema kanisa kuu la Milano lingeingia lote. Watalii walianza kuingia 1974. Njia ya kawaida ni kama kilomita moja na nusu, inachukua saa moja na robo hivi, ngazi zipo. Ndani ni nyuzi 14 kiangazi na kipupwe, kwa hiyo hata kama nje jua linawachoma, wabebee watoto majaketi na wavae raba zisizoteleza. Na wawe wamekubaliana na wewe kabla ya kuingia kwamba hawagusi yale mawe, mafuta ya mkono yanazuia jiwe kuendelea kukua.

Treni ya Roma–Ancona ina kituo cha Genga karibu kabisa. Na kwa kuwa mko pale, jirani kuna kitu nashangaa watalii wengi wanakiruka, panda njia iliyosakafiwa kama mita 700, mwinuko wa kutoa jasho, unakuta mdomo mkubwa wa pango na ndani yake hekalu jeupe la pembe nane, lilijengwa 1828 kwa amri ya Papa Leo XII ambaye alikuwa mzaliwa wa Genga. Pembeni yake kuna kijikanisa cha mawe kimebanwa kwenye mwamba, kilikuwa cha masista wa kukaa ndani na kinatajwa tangu 1029. Watoto watapapenda kuliko unavyodhani.

Mama ana miaka 74, magoti hayamruhusu. Kuna pa kumpeleka?

Santa Caterina del Sasso, ziwa Maggiore, upande wa Lombardia. Imebandikwa kwenye ukuta wa jabali juu ya maji, na kuna lifti imetobolewa ndani ya mwamba kutoka maegesho ya juu, unalipa kidogo unashushwa. Mwanzilishi ni mfanyabiashara, Alberto Besozzi, aliyenusurika dhoruba ziwani akaweka nadhiri akaishi pangoni. Boti pia inafika lakini kwenye gati kuna ngazi za kupanda, mama mpitishe juu.

Huko kote ni Wazungu watupu. Hakuna Mwafrika kwenye hii historia?

Yupo, na nashangaa hatumtaji. Benedikto Mwafrika, alizaliwa San Fratello kisiwani Sisilia kwenye 1526 hivi, wazazi wake walikuwa Waafrika waliopelekwa huko kama watumwa. Yeye akawa huru, akachunga mifugo, halafu akajiunga na kundi la wakaapweke, wakahamahama mpaka wakatulia Monte Pellegrino, ule mlima unaoiangalia Palermo. Mwaka 1562 Papa Pio IV akaagiza vikundi kama hivyo viingie kwenye mashirika rasmi, Benedikto akaenda kwa Wafransisko wa monasteri ya Santa Maria di Gesù, hapo hapo Palermo, akawekwa jikoni, na pamoja na kwamba hakujua kusoma wakamchagua kuwa mkubwa wao. Alifariki 1589, akatangazwa mtakatifu 1807, na Palermo wanamhesabu msimamizi wa mji pamoja na Mtakatifu Rosalia, mkaapweke wa kike. Mwili wake ulikuwa kanisani hapo mpaka Julai 2023 moto wa msituni ulipoingia na kuunguza kanisa na karibu masalia yote. Inauma.

Kwa hiyo ukienda Palermo, panda Monte Pellegrino, basi la mjini linafika. Pango la Rosalia liko huko, mifupa yake ilipatikana 1624 wakati tauni inaua watu mjini. Ukiwa ndani angalia juu: dari ni mwamba unaovuja saa zote, na wamefunga mabati membamba yaliyopinda kila upande kupokea matone na kuyapeleka pembeni, misa inaendelea maji yanachuruzika juu ya vichwa vyenu na hakuna anayelowa.

Inawezekana kulala kwa wamonaki?

Baadhi wana nyumba ya wageni, wanaiita foresteria, Santa Scolastica wanayo na Camaldoli kule Toscana wanayo. Andika barua pepe mapema. Lango linafungwa usiku, chakula kina saa yake, siyo hoteli.

Nimeona kwenye ramani vimapango vingi havina tiketi wala mlinzi. Naweza kujiendea mwenyewe?

Vingine ndiyo, vingine njia imefungwa kwa sababu mawe yanadondoka, ukikuta kamba au kibao cha manispaa rudi. Kuna kimoja Maiella, San Giovanni all'Orfento, mwisho wake unalala kifudifudi na kutambaa kwenye ukingo wa jabali huku bonde liko pembeni yako, hicho usithubutu bila mwongozaji wa mlima. Theluji huko juu inaweza kukaa hadi majira ya kuchipua yamefika mbali, kwa hiyo Juni hadi Septemba ndiyo salama. Namba ya dharura ni 112, sema bondeni mtandao unakata, kwa hiyo pakua ramani kabla na umwambie mtu pale baa ya kijijini unaelekea wapi na unategemea kurudi saa ngapi.