Mrija wa karatasi usiobonyea

Wengi wakitaka mrija mgumu wa karatasi hukimbilia karatasi nene. Mimi hufanya kinyume. Karatasi nene haiwezi kuviringishwa kwenye fimbo nyembamba, ile inayoupa mrija umbo: huvunjikavunjika, huacha mianya kati ya mizunguko, na ncha yake hujiinua gundi ikianza kukauka. Karatasi nyembamba ya kaki, au hata karatasi ya kawaida ya kuchapia, ukiizungusha mara nyingi na kuikaza vizuri, hukupa mrija ambao ukiugonga mezani unalia kama mti.

Kabla ya kushika gundi, jua nyuzi za karatasi yako zimelala upande gani. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi huelekea upande mmoja. Kata kipande kidogo cha mraba, ukilowanishe upande mmoja tu, kisha kiangalie kikijikunja. Mfereji unaojitokeza umefuata nyuzi. Viringisha nyuzi zikiwa sambamba na fimbo. Ukizikatisha, karatasi itashindana na vidole vyako mpaka mwisho.

Hesabu nayo inasaidia, na si ngumu. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa takribani milimita 0.1, kwa hiyo ukuta wa milimita 2 unataka mizunguko kama 20. Kwa fimbo yenye kipenyo cha milimita 20, kipenyo cha katikati ya ukuta ni 22. Zidisha kwa 3.14, kisha kwa 20, unapata karibu mita 1.4 za karatasi. Ndiyo maana napenda kaki ya kukata kutoka kwenye roli. Vipande vingi vya A4 vinawezekana, ila usivipandishe juu ya vingine, maana kila kiungo kitaacha kinundu. Kianze kipya pale cha kwanza kinapoishia.

Fimbo iwe laini na iliyonyooka. Bomba la chuma au la plastiki linafaa. Ivalishe nailoni kwanza. Mzunguko wa kwanza usiwe na gundi kabisa, la sivyo utaaga fimbo yako.

Sasa gundi. Gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo inatosha, ipakwe kwa brashi pana, nyembamba hadi uone karatasi chini yake. Gundi nyingi haiongezi nguvu. Inalowesha karatasi, inaifanya itanuke, halafu mrija unakauka ukiwa na mikunjo. Viringisha juu ya meza tambarare, ukikandamiza kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni. Ncha ya mwisho ichane kwa mkono badala ya kuikata kwa mkasi: ukingo uliochanika hulala chini bila kuonekana.

Chomoa fimbo mrija ukiwa bado na unyevu, ukiizungusha huku unavuta. Karatasi hunywea ikikauka, na ukichelewa itaing'ang'ania. Kisha usimamishe wima kivulini. Juani nje hukauka kabla ya ndani, na mrija hupinda.

Kukata ni baada ya kukauka kabisa. Rudisha fimbo ndani, zungushia ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka, kata ukiufuata ukingo huo kwa msumeno wa meno madogo, malizia kwa msasa. Ukihitaji kifuniko, uvalishe mrija huohuo nailoni, uutumie kama fimbo, na uviringishe juu yake kipande kifupi; kitaukaa barabara bila kupima.