Hatua ya Shirov na jaribio la programu

Ndugu yangu, umeuliza kama programu ya sataranji inayoikosa hatua ya 47 ya Alexei Shirov, aliyecheza weusi dhidi ya Veselin Topalov (Linares, Hispania, 1998) na kumtoa askofu wake bure, ni dhaifu. Si lazima. Kwenye ubao ule weusi wana askari wanne dhidi ya wawili, kwa hiyo programu huona alama nzuri (makadirio yake ya nani anaongoza) kwa karibu kila hatua ya askofu na haina haraka ya kumtoa bure kwenye kisanduku cha h3. Kiini chake ni wakati: askofu aliye f5 anamzibia mfalme wake njia ya kwenda e4, na akiondoka kwa hatua ya kawaida, mfalme mweupe huwahi e3, lakini akienda h3, mweupe akimla amepoteza hatua moja, na asipomla, askofu hutishia kumla askari wa g2. Kwa hiyo usitazame alama pekee, tazama ni hatua gani imechaguliwa, kisha ichezeshe programu hadi mwisho uone kama kweli inashinda.

Jambo jingine, futa kumbukumbu ya programu kabla ya kila jaribio, la sivyo itakumbuka jibu la awali. Mimi hapa Ujiji hutumia kompyuta kuukuu, tena kwa betri umeme unapokatika, nayo hupunguza kasi yenyewe, hivyo mimi huhesabu idadi ya nafasi za ubao zilizochunguzwa na programu badala ya sekunde.