Draya ikizidi moto, tafuta hewa kwanza

Draya yangu, yaani mashine ya kukaushia nguo, ilipoanza kutoa nguo zenye moto usioshikika, huku mifuko na mapindo bado yana unyevunyevu, kila niliyemuuliza alinijibu: badilisha thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto. Mimi siku hizi siifikirii kabla sijakagua njia ya hewa. Nguo ikiwa ya moto na bado mbichi, maana yake joto lipo ila hewa haipiti. Mvuke haupati pa kutokea, joto linarundikana ndani.

Chomoa plagi kwanza. Halafu toa chujio la nyuzi. Kuondoa zile nyuzi kwa mkono hakutoshi, hasa kama unatumia karatasi za kulainishia nguo, kwa sababu zinaacha utando usioonekana kwa macho. Weka chujio chini ya bomba la maji. Langu lilionekana safi kabisa, lakini maji yalituama juu ya wavu kama kwenye sahani. Kama maji hayapiti vizuri, hewa nayo inahangaika. Lisugue kwa brashi laini, sabuni na maji ya uvuguvugu, likauke kabisa ndipo ulirudishe.

Kisha vuta mashine mbele uangalie bomba la kutolea hewa. Hapa ndipo nilipoukuta mzizi wa tatizo: bomba la plastiki, lenye mikunjokunjo, lilikuwa limebanwa na ukuta, na ndani nyuzi zimeshikana kwa unyevu zikawa tabaka nene linalobanduka vipande vipande. Safisha, lakini kama bomba lenyewe ni la plastiki au la karatasi ya foili, litupe. Weka la bati gumu, fupi kadiri inavyowezekana, lenye kona chache. Nyuzi zinashika moto upesi, na plastiki nayo inaungua. Toka nje pia uone kama kifuniko cha mwisho wa bomba kinafunguka mashine inapofanya kazi. Wakati mwingine ndege wamejenga kiota humo. (Zile zisizo na bomba, zinazokusanya maji kwenye tangi, zina kondensa, sehemu inayogeuza mvuke kuwa maji: isafishe hiyo.)

Bomba likiwa safi na hewa bado inatoka kinyonge, shuku feni. Na usishindilie nguo; pipa likijaa, hewa haina pa kuzunguka.

Sasa fyuzi ya joto, kile kifaa kidogo kinachokata umeme joto likizidi. Hiyo hukatika mara moja tu, hairudi. Katika mashine nyingi ikikatika, joto hupotea au mashine haiwaki kabisa. Ukiweka mpya bila kuzibua njia ya hewa, nayo itakwenda. Kuna mafundi wanaoiruka kwa kipande cha waya ili mashine iwake. Fundi wa namna hiyo mwambie aende zake, maana anaondoa kinga ya mwisho kabla ya moto. Thamostati ipimwe baada ya hayo yote.

Kuna hali moja ambayo haihusiani na hewa. Ukichagua mzunguko usio na joto na bado nguo zinatoka za moto, huenda koili ya hita, ule waya unaopasha joto, imekatika na kugusa ganda la chuma la mashine, au swichi yake imeganda. Hapo usijaribu kuwasha tena. Iache imechomolewa mpaka fundi wa umeme aje na mita yake.