Kompyuta ndogo ya gemu kwa bajeti huku Pwani: anza na wati, kasha litafuata

Waalaikum salaam, ndugu wa Langoni.

Kwa wanaoingia sasa kwenye mjadala huu: jamaa yuko Lamu, ana shilingi elfu 80, skrini ya 1080p (picha ya mistari 1080) anayo tayari. Anataka kompyuta ya kuchezea eFootball, GTA V na Counter-Strike 2, iwe ndogo ya kuingia kwenye kidaka cha ukutani. Orodha yake ina prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi (bodi kuu) ya umbo dogo la Mini-ITX, kasha la lita 10, kadi ya picha ya RX 580 kutoka China, na "pawasaplai ya wati 500 itakayokuja na kasha".

Prosesa iache hapo hapo. Vingine vyote tuvizungumze.

Mimi niko Malindi, naunganisha na kutengeneza kompyuta, nyingi za vijana wa gemu na chache za ofisi. Mashine zinazorudi kwangu mapema si zile dhaifu, ni zile zinazokula wati nyingi ndani ya kasha finyu. Kila wati inayoingia inatoka kama joto. Ili joto litoke, feni zivute hewa, na hewa yetu inakuja na chumvi na mchanga. Kwa hiyo mtu wa Pwani aanze kwa kupanga wati. Ukizipunguza, kasha linaweza kuwa dogo bila taabu, feni zinazunguka polepole, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya bei ya kawaida inatosha, na ndani hakuingii uchafu mwingi. Ukianza na kasha kwanza, kila kitu kingine utakinunua kwa kubanwa.

Chumvi yenyewe watu huielewa nusu. Chumvi kavu iliyotua juu ya mazabodi haina madhara makubwa. Shida ni kwamba unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, chumvi huanza kujivutia maji na kuyeyuka, na hapo ndipo shaba inaota ukijani, mapezi ya alumini yanatoa unga mweupe na skrubu za chuma zinashika kutu. Lamu na Malindi unyevu huo ni wa kawaida, hasa usiku na alfajiri. Sasa sikiliza: mashine ikiwa inafanya kazi, ndani mna joto, na hewa yenye joto huwa kavu zaidi. Kwa hiyo inaliwa zaidi ikiwa imezimwa na imepoa kuliko ikiwa inafanya kazi. Kompyuta inayowashwa kila siku hudumu kuliko ile inayofunikwa nailoni na kusubiri likizo. Ukisafiri muda mrefu, itie kwenye mfuko unaofungika vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Usivitupe, viweke.

Hili linanileta kwenye kidaka. Najua linavyopendeza jambo hilo kwa macho. Lakini vidaka vilijengwa viwekwe vyombo vya kaure na vitabu, vitu visivyopumua. Kidaka kina pande tano zilizofungwa na upande mmoja wa hewa, kwa hiyo moto unaotoka nyuma ya mashine unagonga ukuta na kurudi kuingia mbele. Na ukuta wa matumbawe wenye lipu ya chokaa hushika unyevu na kumwaga unga. Weka kipanga njia chako cha intaneti humo, au vidhibiti vya mkononi. Kompyuta ikae juu ya meza au stuli, nyuma ibaki na nafasi ya kiganja, na isitazamane na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Sakafuni pia hapana.

Ukishaachana na kidaka, sababu ya Mini-ITX imekufa. Bodi hiyo ni sentimita 17 kwa 17. Micro-ATX ni 24.4 kwa 24.4. Tofauti ni ya kiganja tu, lakini dukani ITX ni ghali zaidi kwa kazi ile ile, mara nyingi inataka pawasaplai ndogo aina ya SFX ambayo nayo ni ghali, na ikiharibika hutaipata Mombasa kirahisi. Chukua Micro-ATX yenye chipu ya B550, au B450 ukikosa, kwenye kasha dogo la lita 20 hadi 30 lenye uso wa wavu na kichujio kinachovulika bila bisibisi. Kichujio hakizuii chumvi, tusidanganyane, kinazuia mchanga na manyoya ya paka. Na Lamu paka mnao.

Mtu akikuuzia prosesa ya Intel i3-12100F na bodi yake ya H610 kwa bei nafuu kuliko Ryzen, pia sawa. Ina koa 4 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) na inashika kazi 8 kwa pamoja, na kwenye gemu zako haitakuaibisha, ingawa Counter-Strike 2 inaitegemea sana prosesa na hapo 5600 yenye koa 6 inapumua vizuri zaidi. Kumbuka tu kwamba herufi F maana yake haina picha zake yenyewe, bila kadi skrini haionyeshi kitu. Uliza pia kama prosesa iko kwenye boksi lake au ni ya kuuzwa mkononi bila boksi, kwa sababu ya boksi inakuja na feni yake, ya pili haina.

Na ukiangalia vipimo vya joto vya wale jamaa wa YouTube, kumbuka wanapima kwenye chumba chenye nyuzi 20 na kitu. Chumba chako mwezi wa tatu kina 30 au zaidi. Ongeza tofauti hiyo karibu yote kwenye namba wanayoonyesha. 5600 mwisho wake ni nyuzi 90, basi ukiona kwao inafika 75, kwako iko pembeni ya ukingo. Kipoza cha mnara cha bei ndogo chenye feni moja ya sentimita 12 kinamaliza hadithi, mradi upime kimo chake kwanza kama kitafunikwa na mlango wa kasha.

Kadi sasa. Hapa ndipo hela zako ziende, karibu nusu ya bajeti.

RX 580 ya China ifute. Nyingi zinazouzwa bei ya kutupa zina maandishi madogo 2048SP. RX 580 halisi ina vitengo 2304 vya kuchakata. Ile ya 2048 ni RX 570 kwa jina la kupanga, ilitolewa kwa soko la China mwaka 2018. Nyingine zimekesha zikichimba sarafu za kidijitali, na kwa macho huwezi kuijua ipi ni ipi. Hata ukiipata ile ya kweli, inakula wati 185. RX 6600, iliyotoka Oktoba 2021, inakula 132, ina kumbukumbu ya GB 8, inataka waya mmoja wa pini 8, na inaipita RX 580 mbali sana. Kwa 1080p na gemu ulizotaja huhitaji zaidi ya hiyo. Zipo za urefu usiofika sentimita 20, zinaingia kwenye kasha dogo bila vita. Tafuta iliyotumika, lakini muuzaji akutumie video ikiwa inacheza gemu kwa dakika kadhaa, jina la kadi na joto vikionekana juu ya skrini. Anayekataa video, mwache na kadi yake.

Ukikosa 6600, kuna RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70 tu, na matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada, umeme wote unatoka kwenye bodi. Angalia usichanganyiwe: kuna RTX 3050 ya GB 8, ina kasi zaidi na inakula karibu wati 130. Jina moja, kadi mbili tofauti, na bei ya moja huwekwa kwa nyingine. RX 6400 yenye wati 53 ninaipendekeza tu kwenye bodi ya PCIe 4.0 (kizazi cha tundu la kadi), maana inatumia njia 4 pekee za data na kwenye bodi za zamani inakabwa koo. Na kadi yoyote utakayochukua haitapunguza ping yako (muda wa kuchelewa mtandaoni), hilo ni jambo la intaneti na mahali seva ilipo.

Pawasaplai ya kuja na kasha: hapana. Hata kama ni ya bure. Ile namba 500 ubavuni mara nyingi ni sala, si kipimo. Nunua ya wati 450 hadi 550 ya kampuni inayojulikana, yenye dhamana ya miaka, na yenye angalau alama ya 80 Plus Bronze. Alama hiyo inasema pawasaplai haipotezi umeme mwingi, haisemi imetengenezwa vizuri, kwa hiyo dhamana ndiyo ya kuangalia kwanza. Mashine ninayokupangia hapa, ikiwa kwenye gemu, itavuta wati 220 hivi ukutani, na skrini iongeze 25 au 30.

Hesabu hiyo ndiyo inayokuchagulia UPS. VA, namba inayoandikwa kwenye UPS, si wati. UPS ya 650VA kwa kawaida hubeba wati 300 na kitu, basi inakutosha kuhifadhi na kuzima kwa amani. Ungekuja na kadi ya wati 250 ungetaka UPS ya bei mara mbili. Jambo moja la kupima siku ya kwanza, kabla muda wa kurudisha haujapita: baadhi ya pawasaplai hazipatani na UPS za bei nafuu, kwa sababu umeme wa betri yake si wimbi laini, ni wa ngazi-ngazi. Anzisha gemu, fika mahali pasipo na cha kupoteza, chomoa plagi ya UPS ukutani. Kompyuta ikizimika, rudisha UPS. Na kama ukigusa chuma cha kasha unahisi kutekenywa, soketi yako haina waya wa ardhi. Nyumba nyingi kongwe ziko hivyo. Mwite fundi wa stima kabla ya kuwasha tena.

RAM (kumbukumbu ya kazi): mbili za GB 8, si moja ya GB 16, kasi 3200. Bei zimepanda vibaya tangu mwisho wa 2025, kwa hiyo zilizotumika si aibu. Hifadhi iwe SSD ya NVMe ya GB 500 ikibidi, TB 1 ikiwezekana, maana GTA V peke yake inameza zaidi ya GB 100.

Njia nyingine ambayo wenzangu hapa wataitaja ni zile ex-UK (zilizotumika Uingereza) za ofisi, HP EliteDesk au Dell OptiPlex za umbo jembamba, ukatia RTX 3050 fupi ya kimo cha nusu. Ni njia nzuri kama elfu 80 zitapungua. Chukua ya kizazi cha 8 cha Intel kwenda juu, mfano i5-8500, kwa sababu za chini yake Windows 11 haizikubali rasmi na Windows 10 ilifungiwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Pima nafasi ya kadi kwa rula: kwenye baadhi ya modeli tundu limebanana na pawasaplai, na kadi nene haiingii. Zile ndogo kabisa za ukubwa wa kitabu hazina tundu la kadi hata kidogo. Ubaya wake ni mmoja: pawasaplai na bodi zao hazifuati vipimo vya kawaida, ikifa moja unasubiri mpaka ipatikane ya modeli ile ile. Kwa mtu wa kisiwani hilo si dogo.

Usafiri: usikubali kuletewa mashine ikiwa imeshaunganishwa na kadi ndani. Barabara mpaka Mokowe, unapopandia boti, inatosha kuitingisha kadi ing'oe tundu lake, hasa kukiwa na kipoza kizito. Kadi ije kwenye boksi lake, kila boksi kwenye nailoni kabla ya kupanda boti, na uunganishe mwenyewe hapo Amu (Lamu). Kama mikono inatetemeka, nitakuelekeza hapa hapa hatua kwa hatua.

Usitume hela bado. Weka hapa bei ulizopewa za 6600 na za bodi, na picha ya nyuma ya kadi palipo na stika, tuzitazame pamoja.