Maswali ya Wasomaji: Chati ya Moody Isiyolingana na ya Kitabuni

SWALI: Mhariri, salaam. Ninasomea ufundi wa maji hapa Tanga. Kwa bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la milimita 100, lenye mparuzo wa ndani wa milimita 0.15, na namba ya Reynolds (kipimo cha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko) ya 100,000, lahajedwali lilinipa kizigeu cha msuguano cha 0.0237, sawa na chati ya Moody ya kitabuni, inayoonyesha kizigeu hicho kwa kila namba ya Reynolds. Nilipoihamishia fomula ileile ya Colebrook, ya kukokotoa kizigeu hicho, kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ili nichore chati nzima, nilipata 0.0049. Mwenzangu anadai kwamba nimetumia kizigeu cha Fanning, ingawa mstari wa mtiririko tulivu umetoka sawasawa. Tena mikunjo yangu imenyooka kama rula upande wa kushoto. Nimekosea wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amekisia vizuri, lakini hesabu inamkataa. Kizigeu cha Fanning ni robo ya kile cha Darcy, ambacho ndicho cha chati yako ya kitabuni, kwa hiyo ungepata 0.0059, tena mstari wa mtiririko tulivu, ambao ni 64 kugawanya kwa namba ya Reynolds, nao ungeshuka. Kwako kilichoharibika ni upande wa mtiririko wa msukosuko peke yake, ambako ndiko logi (logarithimu) inakotumika.

Kwenye lahajedwali, LOG isiyotajiwa kizio ni logi ya kizio cha kumi. Kwenye Python, na vilevile kwenye programu ya hesabu ya Octave, log ni logi asilia, yaani ya kizio e (2.718 hivi). Ya kizio cha kumi huandikwa log10. Fomula ya Colebrook ya mwaka 1939, ambayo Lewis Moody aliitumia kuchora chati yake mwaka 1944, kwa namba hizo unazoziona kitabuni inataka kizio cha kumi. Nimeijaribu kwa logi asilia, na jibu likatoka 0.0049 yako hiyohiyo.

Usilichukulie jambo hili kuwa la karatasini tu. Chukua bomba lako hilo likipeleka maji kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde hadi kwenye tangi lililo umbali wa mita 600, tuseme huko Pongwe. Kwa kizigeu sahihi, msuguano unakula kimo cha maji cha mita 7.2 hivi; kwa kile cha makosa, unaonekana kula mita 1.5 tu. Fundi atakayeliinua tangi kwa kuamini hesabu hiyo ya pili atasubiri maji mpaka achoke. (Namba yako ya Reynolds, kwa kasi hiyo, ni ya maji ya nyuzijoto 20, ya Tanga yana joto zaidi, hivyo itapanda kidogo, ila kizigeu hakitabadilika sana.)

Mikunjo kunyooka ni kosa la kupanga nukta. Ukigawa safari ya kutoka 4,000 hadi 100,000,000 katika nukta 200 zilizoachana sawa, kila hatua ni kama 500,000, kwa hiyo hatua ya kwanza inaruka sehemu yote ambayo mkunjo unapinda, na programu inaunganisha ncha mbili kwa mstari. Tumia logspace ya NumPy (maktaba ya hesabu ya Python), ambayo huzipanga nukta kwa uwiano, na mihimili yote miwili iwe ya logi. Kati ya 2,000 na 4,000 usiunganishe kitu: mtiririko hapo haujatulia upande wowote, na mstari utakaouchora utakuwa wa kubuni.